Vua Sauti ya Kuazima: Mwongozo Kamili wa Kuipata Sauti Yako Mwenyewe ya Kuimba

Miaka tisa niliimba sauti ya kwanza katika kwaya ya kanisa mjini Tanga. Nilijiunga nikiwa na miaka 15, mwembamba, na mwalimu wa wakati ule aliponiona tu akaninyooshea kidole benchi la soprano, sauti ya juu ya wanawake. Hakunisikiliza. Nikakaa hapo. Kila Jumapili mchana koo lilikuwa linawaka, Jumatatu naongea kwa kukwaruza, nami nikaamini ndivyo waimbaji wote walivyo. Kisha ikaja wiki moja ya mafua, nota za juu zikagoma kabisa, nikaambiwa nikakae na alto, sauti ya chini ya wanawake, nisije nikawaharibia wenzangu. Nyimbo zilikuwa zile zile nilizozijua tangu utoto. Lakini siku ile, kwa mara ya kwanza, niliimba kwa sauti ile ile ninayosalimia watu. Mama yangu alikuwa ameketi safu ya tatu, akageuza kichwa kutafuta nani anaimba.

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri. Sauti ya kuazima nayo ni hivyo hivyo: inabana hapa, inapwaya pale, na mwenyewe hutulii ndani yake. Leo nafundisha, na sentensi ninayoisikia kuliko zote ni hii: "Shikamoo mwalimu. Mimi nataka kuimba, ila sauti sina." Anayesema hivyo ndiye aliyepiga hodi dakika moja iliyopita, nami nilimsikia nikiwa jikoni nyuma ya kuta mbili. Sauti anayo. Ameiacha mlangoni pamoja na viatu vyake, akaingia na nyingine aliyoisikia redioni.

Mwongozo huu ni wa kuirudia ile ya mlangoni. Utahitaji simu inayorekodi, kinanda au programu ya kinanda kwenye simu, mkeka, mrija wa soda, na kama wiki sita za robo saa kila siku.

Kwanza, tuelewane sauti ni nini

Ndani ya zoloto, pale kooni panapocheza unapomeza, kuna mikunjo miwili midogo ya nyama. Kwa mwanamke mtu mzima urefu wake haufiki sentimita mbili. Kwa mwanamume huzidi hapo kidogo. Pumzi inapopita, mikunjo hiyo hugongana na kuachana upesi mno: mwanamke anapoongea kawaida ni kama mara 200 kwa sekunde, mwanamume kama mara 110 au 120. Sauti inayozaliwa hapo ni mvumo tu, karibu na wa nyuki. Rangi yake inapatikana juu zaidi, katika koo, kinywa na njia za pua.

Fikiria ngoma. Chukua ngozi moja ya mbuzi, uiwambe kwenye mzinga mfupi, kisha uitoe na kuiwamba kwenye mzinga mrefu mwembamba. Ngozi ni moja, ngoma ni mbili. Wewe mzinga wako umezaliwa nao: urefu wa koo, upana wa kinywa, umbo la kaakaa. Hauazimiki. Kinachoweza kubadilika ni jinsi unavyouacha wazi au unavyouziba, na hapo ndipo kazi yetu yote ilipo.

Pwani yetu ina ushahidi wa kutosha. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa Zanzibar, alikuwa binti wa mfinyanzi wa Fumba, na inasimuliwa kwamba alipokuwa akitembeza vyungu alivinadi kwa kuimba, watu wakamsikia kutoka mbali kabla hawajamwona. Sauti hiyo ya kunadia vyungu ndiyo iliyovuka bahari hadi Bombay mwaka 1928 kurekodiwa kwenye santuri. Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, alikuwa na sauti nzito yenye mikwaruzo, kama jiwe la kusagia. Shakila Saidi alikuwa na sauti nyembamba inayopenya kama sindano. Ukimpa mmoja sauti ya mwenzake, umewapoteza wote wawili. Na nenda kwenye dansi ukamsikilize Remmy Ongala, kisha Marijani Rajabu: hakuna hata anayehitaji kuambiwa ni nani anaimba.

Hatua ya kwanza: jisikilize unavyoongea

Usianze na wimbo. Washa simu, iweke mezani mkono mmoja kutoka kinywani, kisha simulia dakika tatu jambo unalolijua vizuri: jinsi ya kupika wali wa nazi, au mlivyohama nyumba. Ongea kama unamweleza jirani. Halafu usisikilize. Acha kesho, hata keshokutwa.

Utakaposikiliza utaichukia, na wengi huishia hapa. Kuna sababu. Unapoongea, unajisikia kwa njia mbili: kupitia hewa, kama wengine wanavyokusikia, na kupitia mifupa ya kichwa chako, ambayo huongeza uzito wa sauti za chini. Simu haina mifupa yako. Kwa hiyo ile sauti nyepesi unayoisikia kwenye rekodi ndiyo wanayoijua mama yako, watoto wako na muuza genge. Wao wameipenda miaka yote hiyo. Isikilize kila siku kwa wiki moja, nawe utaizoea.

Ukisikiliza, andika kwenye daftari mambo matatu. Je, sauti ni nene au nyembamba? Ina pumzi nyingi, kama mtu anayenong'ona, au ni kavu na kali? Na ni wapi inapong'aa? Maana kila mtu ana mahali sauti yake huchangamka: anapocheka, anapoiga mtu, anaposhangaa. Weka alama ya muda pale, dakika na sekunde. Hapo ndipo tutakaporudi.

Hatua ya pili: Hodi

Hili ndilo zoezi ninalolipenda kuliko yote, na kama utafanya moja tu katika mwongozo huu, fanya hili.

Simama nje ya mlango, wa kweli. Piga hodi kama unaingia kwa shangazi ambaye unajua yuko uani. Usiimbe. "Hodi!" Rudia mara tano, mpaka uache kujisikiliza. Sasa irefushe silabi ya kwanza, pale pale ilipo, bila kupandisha wala kushusha: "Hooooodi." Mara nyingine tano. Kisha irefushe sekunde nne, tano, sita. Wakati fulani katikati ya zoezi hili kuongea kumegeuka kuimba na wewe hukuona mpaka ulipovuka. Nota hiyo itafute kwenye kinanda uiandike. Mimi huiita nyumbani. Kwa wanawake wengi ninaowafundisha mwito huwa karibu na C ya kati, ile ya katikati ya kinanda, au juu yake kidogo, kwa wanaume oktava moja chini, yaani C inayofuata upande wa kushoto, au juu yake kidogo, lakini yako ni yako.

Kutoka nyumbani, panda nota moja ukiita "Hooodi," rudi, shuka moja, rudi. Kisha mbili. Hisia iwe ile ile ya kumwita mtu. Siku ile sauti inapoanza kusikika kama ya "mwimbaji," simama, rudi mlangoni.

Kwa nini hodi na si "la la la"? Kwa sababu unapomwita mtu huna muda wa kujipamba. Mwili unachukua pumzi wenyewe, kinywa kinafunguka kadiri inavyotakiwa. Muuza samaki anayeita tangu alfajiri hadi saa nne hakusomea pumzi, ila mwite jukwaani umwambie aimbe, mabega yatampanda mpaka masikioni.

Hatua ya tatu: pumzi, ukiwa mkekani

Lala chali, magoti juu, weka kitabu kizito tumboni karibu na kitovu. Pumua bila kufanya lolote. Kitabu kinapanda na kushuka, kifua kimetulia. Ndivyo kiwambo, msuli ulio chini ya mapafu, kinavyofanya kazi: kikishuka, mapafu yanajaa, tumbo linasogea kupisha. Sasa toa hewa kwa "sss" kama tairi linalovuja taratibu, na uhakikishe haisukumwi mwanzoni na kuishiwa mwishoni. Anzia sekunde 10. Ukifika 20 bila kukaza shingo, inatosha kwa nyimbo nyingi. Usishindane na saa; nimewaona vijana wanaofika sekunde 45 na bado wanaimba wamekabwa.

Kisha simama ufanye vile vile. Basi, pumzi ni hiyo. Watu huitengenezea elimu kubwa mno.

Hatua ya nne: fungua vilipofungwa

Weka kidole gumba chini ya kidevu, pale penye nyama laini, uimbe wimbo wowote. Ukihisi pale panagongagonga na kuwa pagumu, ulimi unafanya kazi isiyo yake. Vitatu ndivyo vinavyoziba mzinga: taya, mzizi wa ulimi, na mabega.

Hapa Kiswahili kimetubeba. Waalimu wa sauti duniani kote huwafundisha wanafunzi wao mlio wa "ng" ili kulegeza ulimi na kuisikia sauti ikitetema usoni, na wanafunzi wengi huhangaika kuupata mwanzoni mwa neno. Sisi tuna ng'ombe. Tamka "ng'ombe," halafu kaa kwenye "ng'" ya mwanzo: "ng'ng'ng'..." Weka vidole kwenye mfupa wa pua, utasikia unatetema. Telezesha mlio huo kutoka nyumbani hadi juu kidogo na kurudi, kisha ufungue kuwa "a": "ng'ng'ng'aaa." Hiyo "a" inayotoka ni sauti yako ikiwa haijazibwa. Fanya hivyo hivyo na "m" ya "mtu" na "mbwa."

Kisha irabu zetu tano, ambazo ni safi na hazibadiliki katikati. Imba a, e, i, o, u kwenye nota moja, kwa pumzi moja. Kwa watu wengi irabu moja huwa nzuri kuliko zote. Yangu ni "o." Ukishaijua yako, imba irabu hiyo, kisha pita kwenda kwenye nyingine ukiwa bado unaisikia ile nzuri ndani yake: "o-i-o-e-o-a." Irabu nzuri huwafundisha wenzake.

Angalia pua. Kuna tofauti kati ya sauti kutetema usoni na sauti kutoka puani. Imba "aaa" na uzibe pua kwa vidole. Ikibadilika na kuwa kama ya mtu mwenye mafua, ilikuwa inapita puani. Baadhi ya waimbaji wa kizazi kipya wamefanya sauti ya puani kuwa mtindo wao, na wakiipenda ni haki yao, ila wengi wanaowaiga hawajui kwamba hapo wameshajifunga.

Hatua ya tano: jua unapokaa

Kwenye kinanda, anzia nyumbani ushuke nota moja moja ukiimba "o" mpaka sauti iwe hewa tu. Andika. Panda vile vile mpaka unapohisi unataka kunyanyua kidevu. Andika. Zote mbili ni mipaka, na mipaka si mahali pa kuishi. Ondoa nota mbili tatu chini na tatu nne juu. Kinachobaki ndicho kiwanja chako.

Kwa makadirio ya kwaya, soprano huimba kutoka C ya kati hadi A ya oktava inayofuata; alto kutoka G iliyo chini ya C ya kati hadi karibu D au E ya oktava ya juu; tenor, sauti ya juu ya wanaume, hufika G au A iliyo juu ya C ya kati, naye besi hushuka mpaka E ya chini sana upande wa kushoto wa kinanda. Lakini usijipime kwa kimo pekee. Mimi niliweza kufika nota za soprano, ndiyo maana nilikaa pale miaka tisa. Swali la haki ni hili: baada ya saa zima la kuimba katika eneo lile, unaweza kuzungumza na mtoto wako bila koo kukulalamikia?

Umri nao uuhesabu. Mvulana anapobalehe sauti hushuka kwa karibu oktava nzima, na ya msichana pia hushuka, kidogo tu. Kijana wa miaka 14 asipangiwe sauti ya kudumu. Apimwe kila muhula.

Na sasa jambo ambalo ningelipigia kelele katika kila kwaya na kila bendi: ufunguo wa wimbo, yaani kimo wimbo unapokaa, si amri. Mwimbaji aliyeurekodi alichagua ufunguo unaofaa koo lake. Wewe una haki hiyo hiyo. Mpiga kinanda anaweza kuhamisha wimbo mzima kwa kubonyeza kitufe kimoja, mpiga gitaa kwa kapo, kile kibanio cha nyuzi, au kwa kubadili kodi. Mwambie, "Kaka, nishushie nota mbili," wala usione haya. Kwaya zetu nyingi huanzisha wimbo kwa kukisia. Mwenye sauti kubwa anaanza, wengine wanafuata wakiwa wamekabwa hadi ubeti wa mwisho. Nusu ya watu walionijia wakisema hawajui kuimba walikuwa wanajua vizuri sana, katika ufunguo usio wao.

Hatua ya sita: ng'oa uigaji

Kuiga si dhambi. Wote tulianza hivyo, kama tulivyojifunza kuongea. Tatizo ni kusahau kurudi.

Chukua wimbo unaoupenda. Rekodi mara tatu, ubeti mmoja tu. Mara ya kwanza uimbe kama mwimbaji wake kadiri unavyoweza, mpaka na vikohozi vyake. Mara ya pili usiimbe: sema maneno yake kwa mtu, kama ni habari yako, ukitia mkazo silabi ya pili kutoka mwisho kama tunavyozungumza. Mara ya tatu imba, lakini usitoke mbali na ulivyosema. Sikiliza zote siku inayofuata ukiwa na daftari.

Mwanafunzi wangu mmoja, kijana wa karakana ya baiskeli, aliimba kila kitu kwa lafudhi ya nyimbo za injili za Marekani, mpaka "Bwana" ikawa "Bwaaoona." Nikamwambia anieleze kwa maneno tu mama yake alivyougua. Akaeleza, kwa sauti ya chini, yenye mchanga kidogo. Nikamwambia, "Baba, usinyamaze, endelea, ila sasa weka nota." Aliimba mistari miwili akasimama. "Mwalimu, hii si nzuri, hii ni mimi tu." Wiki nne zilipita kabla hajakubali kuiimba mbele ya wenzake.

Usijilinganishe pia na sauti zilizopita studio. Kuna vyombo vya kunyoosha nota. Auto-Tune ilianza kuuzwa mwaka 1997, na zaidi ya hapo sauti huongezwa mwangwi, hukatwa na kubandikwa. Ukitaka mfano wa kujifunza, tafuta rekodi za jukwaani au santuri za zamani.

Hatua ya saba: mshono

Kila sauti ina mahali inapohama kutoka kifuani, ile nzito ya chini, kwenda kichwani, ile nyepesi ya juu, na pale hukatika. Wengi huukwepa mshono huo kwa kupiga kelele au kwa kubaki chini daima. Dawa yake ni mrija. Tia maji kwenye glasi, zamisha ncha ya mrija sentimita tatu hivi, na uvume "uuu" ndani yake huku mapovu yakitoka. Telezesha kutoka chini hadi juu na kurudi, dakika tano. Maji husukuma hewa kurudi nyuma kidogo na mikunjo ya sauti hupata kugusana bila kuumizana. Baada ya wiki mbili tatu mshono utalainika. Ukibaki kidogo, usihuzunike. Mashabiki wa taarab huutunza mkatiko huo kwa noti.

Kuitunza

Kunywa maji mapema, tangu asubuhi, si jukwaani tu. Unachomeza hakipiti kwenye mikunjo ya sauti, kinapita njia ya chakula. Kwa hiyo mayai mabichi hayaipaki mafuta. Tangawizi yenye asali hutuliza koo, haitengenezi sauti. Kujifukiza mvuke wa maji matupu husaidia kweli, kwa sababu mvuke unapita njia ya hewa. Jihadhari tu usijiunguze. Usile ukalale mara moja: kiungulia kinachopanda usiku hukwaruza sauti bila mwenyewe kujua. Sauti ikikauka, nyamaza. Kunong'ona si kupumzika, maana wengi hukaza koo wakinong'ona. Na mkwaruzo ukizidi wiki tatu, hata bila maumivu, nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo akuangalie ndani. Mkwaruzo wa kuzaliwa ni rangi. Mkwaruzo ulioanza juzi ni ugonjwa mpaka uthibitishwe vinginevyo.

Hatua ya mwisho: chumba cha pili

Baada ya wiki sita, imba tena ule ubeti wa hatua ya sita na uuweke karibu na rekodi ya kwanza ya kuongea. Kisha fanya jaribio hili. Mwombe mtu anayekujua kwa kuongea tu, si kwa kuimba, akae chumba cha pili mlango ukiwa wazi kidogo. Waimbe watu watatu, nawe ukiwemo, kila mmoja ubeti ule ule katika ufunguo wake. Asiulizwe nani amependeza. Aulizwe, "Ni nani huyo?"

Akikutaja bila kusita, chukua wimbo wa pili. Akikosea, kesho asubuhi toka nje, funga mlango nyuma yako, na upige hodi.